Saa Nane Hadi Saa Kumi

Vitabu vya kufundishia kazi ya meno huichora nafasi ya kazi kama uso wa saa. Kichwa cha mgonjwa aliyelala kitini kiko katikati, utosi umeelekea kumi na mbili, miguu imeelekea sita. Daktari anayetumia mkono wa kulia hukaa baina ya saba na kumi na mbili. Msaidizi wake hukaa upande wa pili, baina ya mbili na nne. Vyombo hupita mkono kwa mkono chini ya kidevu, baina ya nne na saba, ili mgonjwa asiione sindano ikimjia. Kipande kilichobaki nyuma ya kichwa huwekwa meza ya magurudumu.

Sasa mpe mchoro huo kijana wa Unguja. Kwetu, akrabu ikiwa juu ya mbili ni saa nane. Niliwahi kumwambia mwanafunzi akae saa mbili, akazunguka kiti kwa adabu zote na kwenda kukaa juu ya nane, karibu na paja la daktari. Kicheko kilichofuata hakikuwa haki yake. Aliyekosea ni mimi, niliyeisoma saa kwa Kiingereza nikaitamka kwa Kiswahili. Tangu siku hiyo nafundisha hivi: msaidizi anakaa saa nane hadi saa kumi. Na tangu siku hiyo najiuliza suala jingine, ambalo si la kuchekesha: nani hasa hukaa hapo?

Vijana waliomaliza skuli huniuliza mara kwa mara, "Dokta, nataka kusomea usaidizi wa meno, niende wapi?" Anayetaka kuwa tabibu wa kinywa na meno njia yake inajulikana. Afaulu kidato cha nne, na katika masomo aliyofaulu ziwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia, kisha asome stashahada ya miaka 3, akipanda ngazi ya 4 hadi ya 6 katika mfumo wa elimu ya ufundi. Kwa Unguja, kada hiyo imelelewa Mbweni, katika Chuo cha Sayansi za Afya ambacho sasa kimo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Anayetaka udaktari kamili wa meno anaweza kuvuka bahari kwenda Muhimbili, ambako fani hiyo inafundishwa tangu 1979, akae miaka 5. Lakini kijana huyu hakuuliza hayo. Hataki kung'oa wala kuziba. Anataka kuwa ule mkono wa pili, na mkono huo kwetu hauna hata jina lake mwenyewe. Neno "msaidizi" tumeshalitumia kwa daktari msaidizi wa meno, ambaye ni tabibu aliyejiendeleza, anatibu, anaandika dawa na ana wagonjwa wake. Aliyekaa saa nane anaitwa nesi hata kama si nesi, au mhudumu, au "yule dada wa meno".

Katika kliniki nyingi nilizopitia, dada huyo alifika pale kwa njia tatu. Ama ni muuguzi aliyepangiwa zamu akitoka wodi nyengine, na mwezi ujao atahamishwa. Ama ni mhudumu wa afya aliyeajiriwa kufagia, akaonekana ana mkono mwepesi. Ama, katika kliniki binafsi za Mjini, ni msichana wa mapokezi aliyeitwa siku moja ashike taa kwa dakika mbili, na hizo dakika mbili zikawa miaka sita. Wote hujifunza kwa kuchungulia. Wapo waliochungulia vizuri mno. Hata hivyo, kuchungulia hakumwonyeshi mtu kisichoonekana kwa macho, na sehemu kubwa ya kazi hii haionekani.

Hoja yangu ni hii, na najua wenzangu wengine watainunia: meno mengi tunayang'oa kwa sababu tabibu yuko peke yake. Kung'oa ni kazi inayowezwa na mtu mmoja. Mkono mmoja unashika koleo, mwingine unaegemeza taya, mgonjwa anauma shashi, anakwenda zake. Kuziba ni kazi nyengine kabisa. Tundu lazima likae kavu wakati mate yanaendelea kutoka, ulimi unahangaika na shavu linataka kurudi mahali pake. Simenti ya kuzibia, ile ya unga na maji inayoshikana na jino yenyewe, hukorogwa kwa nusu dakika hivi na lazima iingie tunduni ikiwa bado inang'aa. Ikishafifia haishiki tena. Utaiona imekaa vizuri leo, baada ya miezi michache mgonjwa anarudi ameibeba kwenye karatasi. Tabibu aliye peke yake anatakiwa ashike kioo, avute shavu, azuie ulimi, akaushe tundu, akoroge simenti na aiweke, yote ndani ya muda huo. Ana mikono miwili. Nje, kwenye benchi, wamekaa watu ishirini. Mwishowe anamwambia mgonjwa kuwa jino limeshaharibika, na mgonjwa, aliyekuja akitarajia hilohilo, hakatai.

Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee. Wagonjwa wetu wengi huja baada ya karafuu, panadoli na maji ya chumvi kushindwa, na wakati huo jino kweli limeshakwenda. Vifaa huisha. Kuziba kuna gharama yake. Lakini katika sababu zote hizo, ukosefu wa mkono wa pili ndio ulio rahisi kuuondoa, na ndio tusioujadili.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Tanzania ndiyo iliyoipa dunia njia ya kuziba jino bila mashine. Katikati ya miaka ya 1980, katika skuli ya meno ya Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken alianza kazi ya kuondoa uozo kwa vijiko vidogo vya mkono, bila keekee, mara nyingi bila ganzi, kisha kuziba kwa simenti inayoshikana na jino na kuikandamiza kwa kidole kilichopakwa mafuta ya mgando. Njia hiyo ilipimwa Thailand na Zimbabwe katika miaka ya mwanzo ya 1990, na tarehe 7 Aprili 1994, katika Siku ya Afya Duniani ambayo mwaka huo iliwekwa kwa ajili ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa nchi zote. Haihitaji umeme wala maji ya bomba. Inahitaji watu wawili: mmoja anachimba, mwingine anakoroga kwa wakati. Kila nikiona kozi fupi za njia hii zinawaita matabibu peke yao, natamani kuuliza atakayekoroga amealikwa na nani.

Watu wa Unguja hawahitaji kuelezwa maana ya kliniki isiyo na umeme. Mwaka 2008, kuanzia Mei, kisiwa kizima kilikaa gizani kiasi cha wiki nne. Halafu tukarudia, mara hii kwa miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010. Mwenye jenereta alinunua mafuta mpaka akachoka. Viti vya meno vya umeme vilibaki vimeinama pale vilipokatikiwa, kama ngamia waliogoma kuinuka. Walioweza kuendelea kutibu ni wale waliokuwa na vyombo vya mkono, mwanga wa dirisha, na mtu wa kusimama upande wa pili.

Giza lile lilifunua jambo jengine: nani anajua kusafisha vyombo. Hapa ndipo msaidizi anapoweza kumponya mtu au kumdhuru bila mwenyewe kujua. Fuateni safari ya koleo moja. Likitoka kinywani linalowekwa lisikaukiwe na damu, linasuguliwa kwa brashi chini ya maji kwa mkono uliovaa glavu nene za kufulia, linasuuzwa, linakaushwa, linafungwa, ndipo linaingia kwenye mashine ya mvuke. Mvuke ule lazima ufike nyuzi 121 chini ya presha, na ukae hapo dakika 15 kwa uchache, zaidi ikiwa vyombo vimefungwa. Dakika hizo huhesabiwa tangu joto lilipofika, na hapo wengi hukosea, wakahesabu tangu walipowasha. Maji yanayochemka kwenye sufuria huishia nyuzi 100, na kuna vijidudu vilivyojivika ganda ambavyo joto hilo haviliogopi. Koleo lililoingia na damu iliyoganda kwenye meno yake hutoka vilevile, damu ikiwa imepikwa tu. Ile tepu yenye mistari inayobadilika rangi nayo inamwambia mtu kuwa pakiti imepita motoni. Haimwambii kuwa kilichomo ndani kimekuwa salama. Niliwahi kuingia kliniki moja, jina lake nabaki nalo, nikaonyeshwa tepu nyeusi kwa fahari, na mashine yenyewe mpira wa mfuniko umepasuka, mvuke unatoka pembeni kama treni. Dada aliyeiendesha hakuwa mzembe. Hakuna aliyewahi kumwambia mpira ule una kazi gani.

Mashine hizo, kwa wasiozijua, zile ndogo ni sawa na sufuria ya presha na zinaweza kukaa juu ya jiko la gesi au la mkaa. Mwaka 2010 waliojua hilo walifanya kazi.

Na msaidizi mwenyewe yuko hatarini kuliko daktari. Anayeokota sindano mwishoni ni yeye. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kukaa juu ya kitu kikavu kwa siku 7 na bado kikaambukiza. Chanjo yake ipo, huchomwa mara tatu, ya pili baada ya mwezi na ya tatu baada ya miezi sita tangu ya kwanza. Mwanafunzi wa chuo ana mwalimu wa kumdai kadi. Dada wa mapokezi aliyeitwa ashike taa atadaiwa na nani? Kuna ufundi mdogo ambao mtu huufahamu kwa dakika tano akionyeshwa, naye akiachwa achungulie anaweza kuishi bila kuujua: kifuniko cha sindano hakirudishwi kwa mikono miwili. Kinalazwa kwenye trei, sindano inakichota kwa mkono mmoja, kama mtu anayechota wali kwa kijiko bila kushika sahani.

Yapo mengine yanayotuhusu sisi wa visiwa hivi kuliko wengine. Kiti cha meno humlaza mtu chali, na daktari akamwinamia usoni. Mwanamke aliyevaa baibui na ushungi, akiingia chumbani akakuta mwanamme peke yake, atasema jino limepoa, atarudi siku nyengine. Akikuta mwanamke amesimama saa nane, anakaa. Nimeliona hili mara nyingi mpaka naamini kuwa kwa wagonjwa fulani msaidizi ndiye anayeufanya mlango wa kliniki uwe wazi. Kazi hiyo ya kumtuliza mtu, kumfunika miguu, kumwambia "mama, nipe mkono, ukiumwa uinue" haimo kwenye orodha ya vifaa.

Mwezi wa Ramadhani huleta maswali yake. Watu huahirisha meno mpaka Shawwal kwa kuogopa kufunguka, ingawa masheikhe wengi hueleza kuwa tatizo si kung'olewa kwenyewe, ni kumeza maji au damu kwa kukusudia. Anayeshika mpira wa kufyonza mate ndiye anayebeba amana hiyo, na mgonjwa anajua, maana macho hayamtoki msaidizi. Lakini kubwa zaidi ni mtu wa sukari aliyefunga tangu alfajiri na anaogopa kusema. Msaidizi aliyefunzwa humuuliza kabla ya ganzi, kwa sauti ya chini: umekula saa ngapi, una sukari, una presha, dawa umekunywa? Mgonjwa humficha daktari mambo ambayo humwambia yeye.

Sasa njooni kwenye hesabu. Madaktari wengi duniani wanayaita meno kwa tarakimu mbili, kwa mfumo uliokubaliwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ya kwanza inataja robo ya kinywa, ya pili inataja jino likihesabiwa kutoka katikati. Jino la chini kushoto, gego la kwanza la ukubwani, ni 36. Hutamkwa "tatu-sita". Anayelitamka "thelathini na sita" amefanya kinywa kiwe na meno thelathini na sita, na siku moja atamwandikia mtu jino silo. Msaidizi ndiye anayeandika wakati daktari anasoma, kwa hiyo kosa lake halifutiki kwa sabuni.

Nimelichagua hilo tatu-sita kwa makusudi. Linaota mtoto anapofikia miaka sita hivi, kimyakimya, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Mzazi halijui. Anadhani ni la utoto, litaanguka lenyewe, basi likitoboka anangoja lianguke. Halianguki. Mtoto akifika darasa la nne, limebaki gamba. Ukiongeza ubuyu mwekundu wa pakiti unaouzwa nje ya kila geti la skuli, ule unaong'ang'ania kwenye vijitundu vya gego mpaka kesho yake, umepata hadithi ya nusu ya watoto waliopita mikononi mwangu. Ni neno la dakika moja kumwambia mama aliyekaa kwenye benchi. Tabibu hana dakika hiyo, msaidizi anayo. Vilevile kwa wazee wetu wa tambuu. Popoo lenyewe, hata bila tumbaku, limewekwa tangu 2004 katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani. Mzee asiyeweza tena kupanua kinywa kula embe, au mwenye baka jeupe ndani ya shavu lisilofutika, huonekana kwanza na anayemfungia kitambaa shingoni.

Wenzetu wameshayapitia haya. Husimuliwa kuwa mwaka 1885 daktari mmoja wa New Orleans, C. Edmund Kells, alimwajiri mwanamke asimame naye kitini, na mvuto mkubwa ulikuwa uleule wa kwetu: wanawake wakaweza kuja bila kusindikizwa na mume. New Zealand mwaka 1921 ilianza kuwafunza wasichana kwa miaka miwili ili watibu meno ya watoto wa skuli. Katika ukoo huo ndimo alimo tabibu wetu wa Mbweni. Uingereza, Julai 2008, wakati Unguja imetoka tu gizani, ilifanya kuwa kosa kwa mtu kufanya kazi ya uuguzi wa meno bila kusajiliwa au kuwa katika mafunzo. Mzanzibari aliyehamia London akataka kukaa saa nane analazimika kwanza kusoma. Akirudi nyumbani kwa likizo anakuta nafasi ileile inajazwa na aliyekuwa karibu na mlango.

Siombi tuige Uingereza. Sheria bila chuo ni faini tu. Lakini afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake na inaweza kuamua hili bila kumngoja mtu. Kiti cha kujifunzia kipo Mbweni, wagonjwa wapo Mnazi Mmoja, Kivunge na Makunduchi, na hospitali mpya za wilaya zimeongeza vyumba vinavyosubiri watu. Sensa ya 2022 iliihesabia Unguja watu 1,346,332, na takriban wote wana meno. Miezi sita ingetosha kuanzia, nusu yake kitini, mtihani wake uwe wa mikono: funga pakiti hii, endesha mashine hii, pitisha sindano hii nikiwa nimefumba macho. Wale ambao wamekaa kazini miaka wapimwe kwanza, na wanaojua wapewe cheti chao bila kurudishwa darasani kufundishwa koleo ni nini.

Nina sharti moja, na hili nitaligombania. Wafunzwe pamoja na matabibu wanafunzi, chumba kimoja, kiti kimoja. Tabibu aliyesoma miaka 3 bila mtu upande wa pili akipewa msaidizi hajui amfanyie nini. Atamtuma pamba. Atamtuma chai. Kufanya kazi kwa mikono minne hujifunza mikono yote minne, na mkono wa daktari ndio mgumu zaidi kufundishika, maana unatakiwa unyooke bila kuangalia, ukiamini kuwa chombo kitatua ndani yake.

Mshahara nao usisahauliwe. Msichana wa Mjini mwenye Kiingereza na Kiitaliano cha kuombea maji anatakiwa na hoteli za Nungwi na Paje kesho asubuhi. Kliniki haitashindana na hoteli kwa fedha. Inaweza kushindana kwa cheti, kwa daraja la kupanda, na kwa njia ya kufika utabibu kwa anayetaka. Leo haimpi hata kimoja katika hivyo.

Nilikwenda hivi karibuni kumwangalia tabibu kijana, ametoka chuoni mwaka jana, mikono mizuri. Alikuwa anaziba tatu-sita la mtoto wa miaka tisa. Saa nane alikaa mama mmoja wa makamo ambaye karatasi zake za kazi zinamwita mhudumu. Mtoto alikohoa, tabibu akasubiri, akafuta, akasubiri tena, kisha akanyoosha mkono kuchukua simenti. Yule mama hakumpa.

"Imeshaacha kung'aa, mwanangu," alisema. Akaifuta kwenye karatasi, akafungua chupa ya unga, akaanza kukoroga nyengine.